Mali ya kanisa la kijiji Uingereza haikuwa mfuko mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu makasisi wa Kianglikana wa vijijini Uingereza enzi za Malkia Victoria, pamoja na jedwali lake la mapato yao, inasomeka vizuri, ila inamwacha msomaji akiamini mambo mawili: kwamba kulikuwa na "Kanisa" lenye hazina moja, na kwamba kasisi aliyeandikiwa £300 kwa mwaka alizitia mfukoni zote. Yote mawili si kweli, na hilo la pili huwapotosha wengi wanaopekua kumbukumbu za parokia hizo.

Nianze na umiliki. Jengo la kanisa, uwanja wa makaburi, nyumba ya kasisi na shamba lake kwa kawaida vilikuwa mikononi mwa kasisi mwenyewe muda wote aliokuwa madarakani. Alikaa, alikodisha, alivuna, lakini hakuweza kurithisha wala kujiuzia tu. Wasomaji wa pwani wanaojua wakfu watalishika jambo hili upesi, tofauti ikiwa kwamba hapa msimamizi wa wakfu na mlaji wake alikuwa mtu yule yule. Nyasi za makaburini zilikuwa zake, akitaka alilisha kondoo. Mti uliosimama humo hakuruhusiwa kuukata ila kwa kukarabati sehemu ya madhabahu. Shambani hali kadhalika: mbao za kutengeneza nyumba na mabanda, sawa, za kuuza, hapana. Vikombe vya komunyo, kengele na vitabu vilishikwa na wazee wawili wa kanisa kwa niaba ya waumini. Haki ya kumteua kasisi nayo ilikuwa mali ya mwingine kabisa, pengine bwanyenye wa kijiji, pengine askofu, pengine chuo cha Oxford au Cambridge. Haki hiyo iliuzwa mnadani kama kiwanja, hadi sheria ya 1898 ilipoibana biashara hiyo.

Mapato sasa. Msingi wake ulikuwa fungu la kumi, yaani sehemu ya kumi ya mazao, na hapa makala yenu imewachanganya rekta na vika, aina mbili za makasisi wa parokia. Rekta alipata fungu kubwa, yaani la nafaka, nyasi kavu na kuni. Vika aliachiwa dogo: wana-kondoo, ndama, sufu, mayai, matunda na vinginevyo. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, mafungu makubwa mengi yaliyokuwa yao yaliangukia watu wasio makasisi. Ndiyo maana katika parokia nyingi mwenye kula fungu la nafaka hakuwa kasisi hata kidogo, bali mwenye ardhi fulani aliyebeba pia wajibu wa kukarabati sehemu ya madhabahu. Wajibu huo haukufa na Victoria. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwabana nao wenye shamba moja pale Aston Cantlow, Warwickshire.

Sheria ya 1836 ilikomesha kulipa kwa miganda na kondoo, ikaweka malipo ya fedha yaliyoandikwa kwenye daftari la kila parokia, yanayopanda na kushuka kwa bei ya nafaka. Kila £100 iligawanywa sehemu tatu sawa za £33, shilingi 6 na peni 8 (pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi peni 12), moja kwa kila nafaka, kisha ikapigwa hesabu kila sehemu ingenunua kiasi gani kwa wastani wa bei za miaka saba iliyoishia 1835. Ngano ilikuwa shilingi 7 na robo peni kwa busheli (kipimo cha nafaka), shayiri shilingi 3 na peni 11 na nusu, oti shilingi 2 na peni 9. Hivyo £100 ikawa busheli 94.95 za ngano, 168.42 za shayiri na 242.42 za oti. Vipimo hivyo havikubadilika tena. Kilichobadilika kila Januari ni bei tu, kwa wastani mpya wa miaka saba.

Tuseme wastani umeshuka: ngano shilingi 4, shayiri shilingi 3 na peni 3, oti shilingi 2 na peni 3. Zidisha kila bei, kwa peni, kwa busheli zake, jumlisha, ugawanye kwa peni 240. Unapata £73 na shilingi 12 hivi. Huyo wa £300 sasa ana £221, na hakuna aliyemkosea.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1875 kila £100 ya kwenye daftari ililipa zaidi ya £112. Baadaye nafaka ya Marekani ilimiminika kwa reli na meli za mvuke, na kufikia 1901 £100 ile ile ililipa £66 na kitu. Wastani wa miaka saba ulikuwa kama breki: ulichelewesha maumivu bei ilipoanguka, ukachelewesha na nafuu. Mkulima aliyeuza ngano ya 1894, mwaka ambao kwota moja ya busheli 8 ilikuwa chini ya shilingi 23, bado alidaiwa kwa wastani uliobeba miaka iliyokuwa bora. Chuki ya wakulima ilitoka hapo kwa sehemu kubwa, na Wales, ambako wengi walisali katika makanisa mengine, ilifikia kuletwa polisi na askari wakati mifugo ya wadaiwa inakamatwa. Sheria ya 1891 ikauhamisha mzigo kutoka kwa mpangaji kwenda kwa mwenye ardhi.

Baada ya kushuka huko, toa makato. Fungu la kumi lilitozwa kodi ya kuwatunza maskini kana kwamba ni shamba, tena kasisi hakuwa na njia ya kulificha kwa kuwa kiwango chake kilikuwa wazi kwenye daftari. Nafuu ya nusu ilikuja 1899 tu. Toa kodi ya ardhi, gharama za kukusanya, na posho ya kasisi msaidizi pale alipohitajika.

Shamba la kasisi lilikuwa na balaa lake. Miaka ya neema lilikodishwa vizuri. Bei zilipoanguka, mpangaji aliomba apunguziwe au alirudisha funguo, na kasisi akabaki na udongo mzito, mifereji iliyoziba na ghala linalovuja, bila mtaji wa kulima. Sheria ya 1888 iliruhusu kuuza kwa kibali, lakini fedha ziliwekezwa kwa ajili ya cheo cha kasisi wa parokia hiyo, yeye akila riba tu. Tena wengi walitaka kuuza wakati ambao wanunuzi walikuwa wachache.

Kuna gharama moja ambayo makala haikuigusa kabisa, nayo ndiyo iliyoziumiza familia zaidi: uchakavu. Kasisi alipofariki au kuhama, chini ya sheria ya 1871 mkaguzi wa dayosisi alipita akihesabu vigae, mifereji ya paa, madirisha, uzio, mabanda, na sehemu ya madhabahu kama marehemu alikuwa rekta. Jumla ikawa deni la aliyeondoka kwa anayeingia. Nyumba kubwa yenye vyumba kumi na kitu, iliyojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Malkia Anne, mfuko wa kuwasaidia makasisi, wakati wa neema, ilimwachia mjane hati ya madai kabla hajapata pa kuhamia.

Sehemu ya kanisa wanamokaa waumini haikuwa mzigo wa kasisi. Ilikarabatiwa kwa kodi ya kanisa, iliyopitishwa na mkutano wa parokia na kutozwa hata wasiokanyaga humo. Kesi ya mji wa Braintree iliyoisha 1853 iliamua kwamba wachache hawawezi kuipitisha dhidi ya kura ya wengi, na 1868 ikawa ya hiari. Kuanzia hapo paa lilitegemea sadaka na michango. Kodi ya viti mliyoitaja, yaani malipo ya kukodi kiti kanisani, ilikuwa zaidi ya makanisa mapya ya mijini yenye sheria zake. Kanisa la kale la kijiji kwa kawaida halikuruhusiwa kuitoza. Ada za ndoa na mazishi zilikuwa chenji, na ya ubatizo ilifutwa 1872.

Kwa atakayetaka kuhakikisha: daftari na ramani za fungu la kumi zilitengenezwa nakala tatu, moja ya serikali, ambayo sasa iko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Kew, London, moja ya dayosisi na moja ya parokia. Safu za daftari ni mwenye ardhi, mpangaji, namba ya kiwanja, jina lake, matumizi, ukubwa na malipo. Ukubwa usiusome kama desimali: 3.2.10 ni ekari 3, robo 2 za ekari, na vipande 10 ambavyo 40 kati yake hufanya robo. Ramani nazo si zote zilizopimwa kwa usahihi; takriban moja kwa sita tu ndizo zilizopewa daraja la kwanza. Na pale ambapo mashamba yaligawanywa upya kabla ya 1836, huenda fungu la kumi lilishabadilishwa kuwa ardhi, kwa hiyo ramani haipo au inaonyesha kona tu ya parokia.

Jedwali lenu la mapato lingefaa lichapwe upya likiwa na safu mbili zaidi: thamani ya £100 katika mwaka husika, na makato.

Msomaji,
Muheza