Pigo la kwanza niachie mimi

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Nyumbani wote hawajambo, na mama anakukumbusha ile migebuka uliyomwahidi.

Uliniuliza kwenye simu kama bado napiga gitaa la besi, nikasema ndiyo, mara salio likakata. Jibu lenyewe ni refu.

Tangu masika yaishe nimejiwekea saa moja kila alfajiri kabla ya kufungua duka. Naweka metronomu ya simu, kile kifaa kinacholia kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, lakini mlio wake naufanya uwe pigo la pili na la nne, kwa hiyo mwendo wenyewe unakuwa 120. Pigo la kwanza na la tatu nayabeba mwenyewe. Wiki ya kwanza niliumia. Nikipiga kidogo tu, nasikia mlio umeangukia kwenye pigo la kwanza, wala sijui tumepishana wapi. Miaka yote ile ya kupiga dansi nilijiona nina mapigo imara, kumbe nilikuwa naegemea mguu wako kwenye dramu! Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Asante.

Ninachojifunza ni besi ya kutembea ya jazi ya Marekani: noti nne kwa kila kipimo cha mapigo manne, moja kwa kila pigo. Tuseme kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni D ndogo (D, F, A) inayokwenda G. Napiga D, F, A, halafu A flati, yaani A iliyoshushwa nusu toni, ndipo naangukia G. Ile A flati haimo kwenye kodi, ila iko nusu toni tu juu ya G, na sikio linaiona G inakuja kabla haijafika. Msikilize mpiga besi Paul Chambers kwenye “So What” ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya mwaka 1959, ambapo besi ndiyo inayotoa wimbo na tarumbeta na saksafoni zinaitikia. Kabla yake kulikuwa na mpiga besi Jimmy Blanton, aliyeingia bendi ya Duke Ellington mwaka 1939 na kufariki 1942 akiwa na miaka 23 tu. Miaka michache tu, na besi haikurudi tena ilikokuwa. Nikimfikiria huyo kijana naishika ala yangu kwa heshima zaidi.

Lakini lililonibadilisha hasa ni dogo kuliko hayo. Siku moja nilijirekodi, nikasikia noti zangu zinabebana, hii haijafa ile imeshaingia. Vidole vilikuwa vinafika kwa wakati, tatizo lilikuwa kuondoka. Sasa nafanya zoezi moja tu kwa dakika kumi: napiga noti, kisha nakilegeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye uzi. Uzi unaachana na freti, kile kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa, sauti inazimika hapo hapo. Nausikia ukimya, nao una urefu wake, unaweza kuupima kama noti.

Hapo ndipo nilipozirudia rekodi za bendi yetu ya Tabora Jazz, zile za mtindo wake wa segere matata ambazo wazee wa hapa mtaani hawachoki kuzisimulia. Tulipokuwa vijana nilizidharau, nikisema besi haina kazi, na kwamba hiyo ni rumba tu iliyobandikwa jina la jazi. Nilikosea, ndugu yangu. Besi ile inapiga noti chache halafu inanyamaza, na wachezaji wanaingia pale pale iliponyamaza. Nilikwenda kutafuta mbali kitu kilichokuwa kinapigwa hapa kabla sijazaliwa. Na hata ninyi wa Kigoma mna sehemu yenu, maana mwanamuziki Shem Karenga alitoka huko kuja kupiga huku.

Sasa nina ombi. Ukipata likizo panda treni uje, na vijiti vyako usiviache. Chumba cha nyuma nimekifagia na spika ninayo. Tuanze polepole, wewe upige pigo la pili na la nne tu. La kwanza niachie mimi.

Ni mimi rafiki yako,
wa besi