Mheshimiwa Waziri, mawe ya mpaka yatangulie nyumba Mbale

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Namatala, Mbale, huku mashariki mwa Uganda. Mimi ni fundi mwashi, kazi yangu ni kuchimba misingi na kusimamisha kuta. Nakuandikia kwa ombi moja tu: katika maeneo yaliyoingizwa jijini tangu Mbale ipandishwe hadhi Julai 2020, mawe ya mpaka ya barabara, mitaro na kingo za mito yachimbiwe kwanza, ndipo viwanja viuzwe. Leo mambo yanakwenda kinyume.

Nikueleze kiwanja kinavyozaliwa huku kwetu. Mzee ana shamba la migomba na mahindi pembezoni mwa mji. Kila mwaka wa imbalu, yaani tohara yetu ya jadi, vijana wanatahiriwa, na kijana aliyetahiriwa anatazamiwa kupewa mahali pa kuanzia maisha, kwa hiyo shamba linakatwa vipande. Halafu anakuja mnunuzi kutoka mjini, ada ya shule inadaiwa, na kipande kimoja kinauzwa. Mkataba unaandikwa mezani, mashahidi wanatia sahihi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anagonga muhuri. Mpima ardhi hayupo. Njia inayoachwa ni ile ya kupita boda boda. Miaka mitano baadaye nyumba 40 zimejipanga kwenye njia hiyo. Gari la kunyonya vyoo haliingii, la zimamoto ndiyo usiseme.

Tatizo kubwa zaidi, lakini, ni maji, na hapo naomba uniwie radhi nikirefusha maneno, maana ndiyo kazi yangu.

Ukichimba msingi sehemu za chini, karibu na kinamasi cha Namatala, wakati wa mvua unakutana na maji kabla hujafika kiunoni. Mwenye kiwanja hakati tamaa. Analeta lori za murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, anajaza, anashindilia, anajenga juu yake. Nyumba yake inabaki kavu. Ila maji yaliyokuwa yakilala pale lazima yaende mahali, nayo yanakwenda kwa jirani. Jirani naye, akipata hela, anajaza zaidi ya yule wa kwanza. Kuna mitaa ambayo unaweza kusoma historia yake kwa vimo vya sakafu: nyumba ya zamani ndiyo iliyo chini kabisa, na mara nyingi ndani yake yumo bibi kizee mjane anayezoa matope kila Aprili. Hakuna aliyevunja sheria kwa nia mbaya. Kila mtu alijiokoa peke yake, kwa sababu hapakuwa na mtaro wa pamoja wala mtu wa kusema mtaro upite wapi.

Mtaro ukija kuchimbwa, unachimbwa pale palipobaki wazi, hata kama ni mlimani. Maji hayapandi, Mheshimiwa, hata yakiandikiwa barua.

Ya mwaka 2022 unayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai mvua kubwa ilinyesha, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo. Watu zaidi ya 20 walikufa, magari yakasombwa, mabomba makuu ya maji yakakatika, na mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Wengi walisema ni mlima Elgon umekasirika. Mimi nasema mvua ilitoka mlimani, sawa, lakini iliyokuta njiani ni kuta tulizojenga sisi. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda vinamasi na kingo za mito zinataka mita 100 ziachwe kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Chukua hicho kipimo kidogo, mita 30. Tembea kando ya Nabuyonga inapokatisha mjini, uone ni wapi utazipata.

Sheria, kwa hiyo, tunayo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 inasema nchi nzima ni eneo la kupangiwa, si miji peke yake. Kinachokosekana ni alama ardhini. Mtu hawezi kuheshimu mstari ulio kwenye ramani iliyofungiwa kabatini. Tena ramani zenyewe na maelezo yake ni kwa Kiingereza, wakati Katiba tangu marekebisho ya 2005 inaitambua lugha hii ninayokuandikia kuwa lugha rasmi ya pili. Rasimu ya mpango inapowekwa hadharani ili wananchi watoe maoni, ibandikwe kwa Kiswahili na Lumasaaba, lugha ya wenyeji wa huku, pale sokoni na misikitini na makanisani. Hili ni jambo dogo, nalipita.

Najua jibu moja litakalokuja: fedha hakuna. Bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, ni kipande cha nondo na zege la ndoo moja. Ghali ni kuchelewa. Ibara ya 26 ya Katiba inataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki na ya kutosha kabla ardhi haijachukuliwa. Barabara ikipitishwa kwenye shamba la mahindi, fidia ni ya mahindi na ukanda wa ardhi. Ikipitishwa miaka kumi baadaye, ni ya nyumba, maduka na kesi mahakamani.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nami silidharau: wazee hawatakubali kukatwa ardhi. Nimewasikia wengi wakilizungumza. Wanachokataa si kukatwa, ni mmoja kukatwa na mwingine kuachwa. Mashamba kumi yakipimwa pamoja, kila mmoja akatoa sehemu ile ile ya ardhi yake kwa barabara na mtaro, vipande vilivyobaki vinauzika kwa bei nzuri kwa kuwa lori la matofali linafika. Mzee anayeuza anaijua hesabu hiyo kuliko afisa yeyote.

Jambo ninaloliogopa ni tingatinga kutangulia. Kila tunaposikia serikali imekumbuka vinamasi, wa kwanza kuvunjiwa ni mwenye chumba kimoja cha kupanga, ambaye hakuuza ardhi wala hakuinunua. Mwenye nyumba anaweza kudai fidia akiwa na karatasi. Mpangaji anabeba godoro na kwenda kupanga kwenye kinamasi kingine. Ukitaka kusafisha kingo, wapewe kwanza mahali penye choo na maji, na pawe karibu na kibarua chao. Kampala kuna funzo lake: Kiteezi, jalala lililoanza 1996, nyumba zilikuwa zimesogea hadi miguuni pa lile lundo, na lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 liliua watu zaidi ya 30.

Neno moja kuhusu mlima. Mpango wa jiji unaishia kwenye mpaka wa jiji, lakini maji hayaishii hapo. Yanaanza kwenye miteremko ya Elgon, mahali ambapo watu wanalima hadi ukingoni kwa sababu nao wameishiwa ardhi, kama wilaya ya Bududa, kule Nametsi, ulikoanguka udongo Machi 2010. Yakitoka kwetu yanaingia kinamasi cha Namatala, yanaungana na mto Mpologoma, yanamwagika ziwa Kyoga. Huyo aliye juu, sisi tulio katikati na mkulima wa mpunga aliye chini tuko kwenye halmashauri tofauti na mipango tofauti. Sheria inaruhusu mpango wa kanda. Naomba tuandaliwe mmoja unaofuata mto.

Kwa kuanzia, chagua sehemu mbili tu: ile inayopakana na kinamasi cha Namatala, na ile iliyo upande wa barabara ya Tororo, kwenye eneo la viwanda lililozinduliwa 2018, ambako viwanja vinauzwa kwa kasi kuliko mahali pengine popote hapa. Tuma wapima ardhi wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, kabla ya mvua za Machi. Wakae na wenyeviti wa LC1 na wazee wa koo, wapime, waweke alama. Mashimo ya bikoni mafundi wa huku tutayachimba bila malipo, mradi tuonyeshwe mahali.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi,
Namatala, Mbale