Kabla ya kununua trela la kukunja lililotumika, litazame gari lako kwanza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie wasomaji wa gazeti hili tunaoishi Amerika Kaskazini, hasa wenye watoto, kuhusu jambo linalozungumzwa sana miongoni mwetu kila majira ya joto yanapokaribia: je, inafaa familia inunue trela la kukunja lililokwisha kutumika, ili likizo ya shule ipitishwe kambini badala ya hotelini? Mimi ni fundi wa magari hapa Minnesota, na kwa sababu hiyo jamaa na marafiki huniomba niwakagulie matrela kabla hawajatoa fedha. Maoni yangu, ambayo nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae, ni kwamba trela la aina hii ni kitu kizuri ambacho wengi wetu hukinunua kwa kutazama bei na mapazia, wakati linaloamua mambo ni gari litakaloivuta nyumba hiyo.

Kwa wasiolifahamu, hiki ni kibanda cha magurudumu ambacho barabarani huwa kimeshushwa, na kikifika kambini huinuliwa kikawa chumba chenye vitanda, jiko na wakati mwingine choo. Yako ya aina mbili. Ya kwanza yana paa gumu na kuta za turubai, na vitanda vyake huvutwa nje pande mbili. Kampuni ya Jayco, iliyoanzishwa mwaka 1968 katika jimbo la Indiana, ilijijengea jina kwa matrela ya namna hiyo. Ya pili yana kuta ngumu, kama vile Hi-Lo yaliyokuwa yakitengenezwa Ohio, ambayo nusu yake ya juu huteremka ikaifunika nusu ya chini, na TrailManor ya Tennessee, ambayo maganda yake mawili huingiana. Yote hupambana na upepo kidogo kuliko trela refu la kawaida, na baadhi huingia katika gereji ya nyumbani. Tofauti kati ya turubai na ukuta mgumu si ya starehe tu. Katika hifadhi ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge haipokei hema wala trela la turubai kwa sababu ya dubu, kwa hiyo anayetamani kuwapeleka watoto huko na alijue hilo mapema.

Sasa nirudi kwenye gari. Familia zetu nyingi huku huendesha magari ya watu saba au wanane, na Toyota Sienna ni miongoni mwa yanayopendwa. Mtengenezaji anairuhusu Sienna kuvuta ratili 3,500, yaani takriban kilo 1,590. Tuseme muuzaji anakwambia kuwa trela lake lina ratili 2,800. Hapo wengi hupeana mikono papo hapo. Lakini aghalabu nambari kama hiyo ni uzito wa trela lilipotoka kiwandani likiwa tupu. Jaza galoni 20 za maji na umeongeza ratili 166. Ongeza betri, mitungi ya gesi, kiyoyozi kilichofungwa baadaye na mwenye nalo, sufuria, blanketi, baiskeli za watoto na masanduku ya vyakula (kwa maana sisi hatuendi kambini na mikate mikavu; mkaa, nyama na unga wa ugali ni lazima), na ile nafasi ya ratili 700 itakuwa imekaribia kwisha kabla hujatoka mjini. Zaidi ya hayo, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela hulalia nyuma ya gari kwenye kiungo chake, na mzigo huo huhesabiwa pamoja na watu walioketi ndani. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva huonyesha jumla ya uzito wa watu na mizigo ambayo gari lako linaweza kubeba. Baba, mama, watoto wanne na nyanya aliyekuja kutembea kutoka nyumbani hula sehemu kubwa ya uzito huo hata kabla trela halijafungwa. Kwa sababu hiyo mimi hufanya hesabu kwa nambari iliyoandikwa kwenye bamba la trela lenyewe, ile ya uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa, wala sisikilizi nambari nyingine. Tena majimbo mengi, Minnesota likiwemo, hudai kwamba trela la ratili 3,000 au zaidi liwe na breki zake, na breki za umeme huhitaji kifaa cha kuziongoza kifungwe karibu na dereva, gharama ambayo mnunuzi huwa hakuipangia.

Gari likitosha, lifuatalo ni maji. Trela la kukunja lina maungio mengi kuliko trela la kawaida, na kila ungio lina mpira wa kuzuia maji ambao huchakaa kwa jua na kwa miaka. Maji yakipenya hushuka ndani ya ukuta bila kuonekana, yakaozesha mbao za sakafu huku ngozi ya nje ikiendelea kung'aa. Vua viatu utembee polepole juu ya sakafu yote, hasa pembeni na karibu na mlango, panapobonyea pameoza. Inua magodoro, fungua kabati la chini ya sinki, na unuse. Manukato mengi mno ndani ya trela la miaka 20 nayo ni habari. Kipimo kidogo cha unyevu chenye sindano mbili huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kimeniokolea watu wengi fedha. Kwa yale ya turubai, kila kitambaa kifunguliwe kikatazamwe dhidi ya mwanga, kwa kuwa trela likikunjwa likiwa limelowa na kuachwa wiki kadhaa, kuvu huota na madoa yake hayatoki. Muuzaji akisema halifunguliki leo kwa sababu mvua inanyesha, mwombe kwa upole alifungue kidogo tu, kwani siku ya mvua ndiyo siku bora ya kulikagua.

Mitambo ya kuinulia nayo haitaki haraka. Hi-Lo ilifunga shughuli zake mwaka 2010, na ingawa matairi, jiko, friji na ekseli hutengenezwa na kampuni nyingine na hupatikana kwa urahisi, pampu na kamba za waya za kuinulia nusu ya juu huenda ukazitafuta kwa muda mrefu. Mume na mke wote wawili waliinue na kulishusha wenyewe uani kwa muuzaji, kwa sababu mara nyingi mmoja ndiye atakayeachwa kufanya kazi hiyo jioni huku mwenzake akiwatuliza watoto. Kuhusu matairi sina mengi: soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na yakipita miaka sita hesabu kuwa utanunua mapya, hata kama kashata zake bado ni nzima.

Usisahau baridi. Hapa kwetu maji yaliyoachwa katika mabomba ya trela huganda na kuyapasua, hivyo kila mwaka lazima yatolewe na mabomba yatiwe dawa ya kuzuia kuganda. Anayeishi katika nyumba ya ghorofa ya kupanga hana pa kuliegesha, na kodi ya maegesho, bima na usajili haviulizi kama mlikwenda kambini au hamkwenda.

Nafasi nazo hugombewa. Hifadhi za jimbo la Minnesota hupokea maombi siku 120 kabla, na mwisho wa wiki wa Julai hujaa mapema, uwe na trela au usiwe nalo. Hifadhi hizo hizo hukodisha vibanda vya mbao vyenye vitanda, na kwa familia ambayo haijawahi kulala porini huku, ningeanzia hapo mwaka huu, kisha mwaka unaofuata nikodi trela la kukunja kwa juma moja na kulivuta kwa gari langu mwenyewe. Wakiona wanalipenda, wanunue Septemba au Oktoba, ambapo wengi hutaka kuuza ili wasilipie maegesho ya majira ya baridi. Wachague lenye kuta ngumu ikiwa gari linaweza kulivuta, na walipe siku watakapokabidhiwa hati ya umiliki isiyo na deni la benki, ambayo namba ya trela iliyoandikwa humo inalingana na iliyogongwa kwenye fremu yake.

Msomaji wako,
Brooklyn Park, Minnesota, Marekani