Kabla ya gurudumu, choo na benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja ya msomaji mmoja ambaye, majuma machache yaliyopita, alitaka Jiji la Tanga lijengewe gurudumu kubwa la burudani ufukweni, ili familia za hapa pamoja na wageni wapate mahali pa kumalizia siku. Sina ugomvi naye. Gurudumu la namna hiyo nimeliona kwa macho yangu Desemba iliyopita katika jiji la Osaka, nchini Japani, na wanangu wamelipanda. Lakini nililorudi nalo nyumbani kutokana na siku ile ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa minne, mama yangu mzazi aliyetimiza miaka 74, na mdogo wangu anayesoma huko, ambaye ndiye aliyetualika. Mama ana magoti mabovu. Mtoto mdogo naye, kama watoto wote wa umri wake, akibanwa na haja hana subira. Yeyote aliyewahi kutembeza familia anajua kuwa mwendo wa siku hauamuliwi na baba mwenye ramani, bali na hawa wawili; bibi akichoka mmechoka wote, na mtoto akianza kuchezacheza miguu, safari imesimama.

Mdogo wangu alikuwa ametupangia vituo sita. Nilipoiona orodha nilicheka, kwa sababu jua la Desemba kule huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mama yangu peke yake hutumia nusu saa kuvaa. Siku ile alivaa koti la kuazima, kisha juu ya koti akajifunga kanga, akituambia kwamba koti lisilo na kanga ni la askari. Tukatoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ngome ya Osaka. Ilianza kujengwa mwaka 1583 kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi, ikaangushwa vitani mwaka 1615, ikajengwa upya na watawala waliofuata, na mnara wake ukateketezwa na radi mwaka 1665. Kabla ya kuufikia mnara unapita lango lenye ukuta wa mawe makubwa mno, na moja la mawe hayo hukadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Wenyewe wanaliita Jiwe la Pweza, kwa kuwa upande wa chini lina doa linalofanana na kichwa cha pweza. Mama alikulia Kigombe na katika ujana wake amechokoa pweza mwambani kila bamvua, kwa hiyo alilisogelea jiwe lile, akalitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa kulia na kushoto, kisha akatoa hukumu kwamba huyo si pweza, ni alama ya unyevu. Hatukubishana naye.

Nikiri kwamba mnara wenyewe ulinitia shaka. Unaosimama leo si ule wa kale. Ni wa zege, ulijengwa mwaka 1931 kwa michango ya wakazi wa jiji, na ndani yake mna makumbusho na lifti. Mpenzi wa historia ndani yangu alinung'unika kwamba lifti katika ngome ni kama feni ndani ya pango la Amboni. Manung'uniko hayo yalidumu mpaka tulipofika mlangoni. Lifti ya wageni wa kawaida huishia ghorofa ya tano, nao hupanda kwa ngazi mpaka ya nane. Ila mhudumu alimtazama mama, akayatazama magoti yake, akatuonyesha kwa mkono kwamba yeye atafikishwa juu kabisa. Dakika chache baadaye mama yangu alikuwa ameshika nondo za roshani, kanga yake inapepea, anaitazama Osaka yote chini yake, na sisi tuliopanda ngazi tunahema nyuma yake. Tangu hapo nimeacha kuidharau zege ile.

Kutoka ngomeni tulikwenda bandarini, kwenye jumba la viumbe wa baharini liitwalo Kaiyukan. Umbali wake ni kilometa tisa hivi, na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Katika treni za chini ya ardhi za Osaka kila njia ina rangi na herufi yake, na kila stesheni ina namba. Tulipandia C18, na tulitakiwa kushukia C11. Mama hasomi Kijapani, na Kiingereza chake hakizidi salamu, lakini ameishi Ngamiani zaidi ya miaka hamsini, na wasomaji wa Tanga wanajua maana yake: kwetu barabara zina namba, na mtu akikwambia anakaa Barabara ya Kumi na Mbili huhitaji kuuliza zaidi. Alielezwa mara moja tu. Treni ilipoondoka akaanza kukunja vidole, kumi na saba, kumi na sita, na tulipofika kumi na mbili alimshika mjukuu wake mkono akawa wa kwanza kujiweka tayari, huku mimi bado nikihangaika na ramani. Safari nzima ilikuwa ya robo saa tu.

Jambo la pili lililotubeba ni choo. Naliandika bila haya, kwa kuwa ndilo linaloamua. Katika kila stesheni tuliyoshuka tulikuta choo safi, cha bure, chenye alama inayoonekana kutoka mbali, na mara nyingi pembeni yake kuna chumba kipana cha mwenye kiti cha magurudumu au mwenye mtoto mchanga. Maji ya kujisafishia hutoka kwa kubonyeza kitufe. Mama alipotoka katika cha kwanza alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe na huku watu wanajua twahara." Tangu hapo hakuogopa tena kunywa chai, na mtu asiyeogopa kunywa chai anaweza kutembea siku nzima.

Kaiyukan, lililofunguliwa mwaka 1990, nalo limejengwa kama kwamba mhandisi wake alikuwa na mama mwenye magoti. Unapandishwa kwanza mpaka ghorofa ya nane, kisha unashuka taratibu kwa njia ya mteremko inayozunguka tangi moja kubwa lenye kina cha mita tisa, hivyo samaki uliyemwona mgongo ukiwa juu unamwona tumbo ukiwa chini. Ndani ya tangi hilo anaogelea papa potwe, yule yule anayefuatwa na watalii kule Mafia kuanzia mwezi wa Oktoba. Wanangu, waliozaliwa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi, walikuwa hawajawahi kumwona. Mama aliketi kwenye benchi mbele ya kioo, maana mabenchi yapo, akawataja samaki mmoja mmoja kwa majina ya Kigombe: huyu taa, huyu kolekole, yule chewa. Watoto wa Kijapani waliokuwa karibu wakawa wanageuka kumtazama yeye badala ya samaki. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, na orodha ya mdogo wangu ikafia papo hapo. Sikuona hasara yoyote.

Gurudumu la Tempozan liko jirani tu na jumba hilo. Lina urefu wa mita 112.5. Watoto walilipanda na baba yao mdogo, wakashuka, wakaomba kulipanda tena. Basi, hayo ndiyo ya gurudumu.

Jioni, baada ya kubadilisha treni mara moja na kuhesabu namba kwa mara ya pili, tulifika Dotonbori, mtaa ulio kando ya mfereji uliokamilika kuchimbwa mwaka 1615, wenye mabango ya taa makubwa kama nyumba na kaa wa bandia anayechezesha miguu juu ya mlango wa hoteli. Mtoto mdogo aliupitia wote akiwa amelala mgongoni kwa baba yake mdogo. Tulinunua takoyaki, ambayo ni donge la unga lenye kipande cha pweza ndani, chakula kilichozaliwa Osaka katika miaka ya 1930. Kwa kuwa tuliambiwa mchuzi wake unaweza kuwa na mvinyo wa kupikia, tulikula makavu. Mama alipasua lake kwa kijiti, akakitoa kipande cha pweza, akakitazama, akasema kwamba kwa bei ile, pale Tanga angepewa mkono mzima na pilipili juu. Hapo palikuwa na msongamano mno na hatukupata pa kuketi, na nilimwona mama, kwa mara ya kwanza siku ile, akiuegemea ukuta. Tulirudi nyumbani. Katika vituo sita tulikuwa tumeona vitatu na gurudumu.

Sasa nilinganishe, Ndugu Mhariri, na siku nyingine. Idi iliyopita, familia hii hii bila mdogo wangu, tulikodi gari ili tuione Tanga yetu. Tulipanga mapango ya Amboni, kilometa nane hivi kaskazini mwa mji, yaani pungufu kidogo ya umbali ule wa ngome na bandari kule Osaka; makumbusho ya Urithi katika boma la zamani; magofu ya Tongoni kwenye barabara ya Pangani, yenye msikiti na makaburi ya mamia ya miaka; na mwisho tule pweza. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, choo kilikuwapo, kimepakwa rangi vizuri, na kimefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Hapakuwa na benchi, wala kivuli isipokuwa cha gari letu. Mama aliketi garini mlango ukiwa wazi, mtoto analia, na mwongoza wageni, kijana hodari anayeijua historia yake, anaona aibu isiyo yake. Saa saba mchana tulikuwa tumesharudi Ngamiani.

Kwa hiyo namjibu msomaji mwenzangu hivi: vivutio tunavyo. Tuna mapango, magofu, boma, kisiwa cha Toten mbele ya bandari, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka duniani pamoja na madinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kisichokuwapo ni kile kinachomwezesha bibi wa miaka 74 kutoka kimoja kwenda kingine na kufika akiwa bado na hamu. Vituo vya daladala vinavyoelekea kwenye vivutio vipewe namba, kwa kuwa watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa namba. Kila kituo cha watalii kiwe na benchi mbili chini ya kivuli, na choo chenye maji, kinachofunguliwa asubuhi na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo na mwenye wa kumpokea siku akifiwa. Hata tukitozwa shilingi mia tatu, tutalipa. Stendi tunalipa kila siku. Hayo yakisimama kwa miaka miwili mitatu, ndipo tukae tuzungumze habari za gurudumu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga, kama walivyochanga wale wa Osaka mnara wao.

Mama ameniambia kwamba Idi ijayo anataka turudi kule tulikokatiza safari. Ameniuliza swali moja tu, kama yule mwenye ufunguo amesharudi msibani, nami mpaka leo sijapata wa kumuuliza.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga