Hela Yako Ninayo, Vitabu Sijanunua

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku hatujambo, joto tu ndilo limegoma kuondoka. Mama Sauda karudi kutoka Tanga, anakusalimu, na anasema sufuria lake hajalisahau. Hayo mtajuana wenyewe.

Kilichoniketisha kuandika ni ile elfu sitini uliyotuma Jumatano na ujumbe wake wa mstari mmoja: ninunulie riwaya tatu nzuri, zisiwe kama zile za Kessi. Hela ninayo, haijaguswa. Mahamudu anaondoka na basi la Ijumaa alfajiri na amekubali kubeba mfuko, kwa hiyo siku zipo. Ninachokosa ni maelezo. "Nzuri" ndiyo nini, Zuhura? Ukimwambia muuza vitambaa akukatie kizuri, atakukatia kile kilichomlalia dukani. Muuza vitabu ni huyo huyo, kabadilisha bidhaa tu.

Kessi anasema una kiburi cha kusoma. Mimi kiburi sikioni. Ninachokiona ni mtu anayechagua kwa jalada na kwa sifa za watu, kisha anakuja kukigombeza kitabu. Umenitajia riwaya sita ulizoziacha njiani tangu mwaka uanze, na katika zote hizo hukuniambia hata moja uliiachia ukurasa wa ngapi. Na mimi nilichokuwa nakitaka ni hicho hicho.

Kwa sababu ukurasa unasema. Ukiacha kabla ya wa 15, hadithi hujaikataa, maana ilikuwa bado haijaanza. Umeikataa sauti. Jua linachomoza, ndege wanaimba, umande unameta juu ya majani, zinafuata methali mbili za mkupuo, na mhusika hata mlango hajafungua. Wapo wanaopenda kuanza hivyo. Wewe hupendi, na riwaya ya namna hiyo haibadiliki tabia ukurasa wa 50, usijitese. Ukiacha kati ya 30 na 60, mara nyingi umeshaujua mwisho: binti katoka kijijini, kafika mjini, kakutana na mwanamume mwenye gari. Hapo lugha haina kosa, njia ndiyo imepitwa mno. Na ukiacha umeshavuka nusu, ukiwa mhusika umeshamzoea kama jirani, basi mwandishi ama ameanza kuhubiri, ama amechoka na anawaua watu ili afunge duka. Riwaya zetu ngapi zina kurasa 150 za mwendo mzuri, halafu 20 za ajali ya barabarani, gereza na toba? Hiyo ni kazi ya mhariri ambaye hakuwepo.

Kwa hiyo chukua bahasha kuukuu, andika majina sita, mbele ya kila jina ukurasa ulioachia na sentensi moja ya sababu. Usiniandikie "inachosha". Niandikie kilichokuchosha. "Watu wote wanaongea kama mwalimu mkuu" ni jibu. "Nilichanganya akina Hamisi wawili" nalo ni jibu. Nne zikiangukia fungu moja, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa zile za Kessi. Usimlaumu sana. Aliingia duka la vitabu vya shule akachukua vilivyokuwa mbele, na vilivyo mbele viko mbele kwa sababu ya mtihani. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya shule, mchapishaji anauza kwa maboksi. Kisipoingia, anauza kimoja kimoja kwa watu kama wewe, wenye kununua wakinung'unika. Kenya walikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Kwetu kidato cha tatu na cha nne wamepitia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu mpaka majalada yakachanika. Sisemi ni vibaya. Nasema ulivisoma na daftari la fani na maudhui pembeni, ukiwinda dhamira na tamathali za semi ili upate alama. Chakula cha kulishwa kwa fimbo utakijulia wapi ladha? Kabla hujaapa kwamba riwaya za Kiswahili hazikufai, kirudie kimoja wakati huna mtihani. Ila sikununulii, kaazime kwa watoto wa jirani.

Kuna na lile la majina linalokupandisha hasira, mtu kupewa jina linalomtangaza kabla hajafungua mdomo. Katika Kidagaa mtawala ni Mtemi Nasaba Bora na mwalimu ni Majisifu. Hapo ni kejeli, mwandishi kakusudia na anajua anachofanya. Wanaomwiga bila kejeli ndio wanaokera. Hili linagundulika mapema: pitia majina kurasa kumi za kwanza. Ukikutana na Bwana Tamaa na Bi Huruma, rudisha rafuni.

Pale kwenye meza za vitabu nitafanya hivi kwa niaba yako, na wewe ukipata nafasi fanya vivyo hivyo, dakika kumi zinatosha. Soma aya mbili za mwanzo. Kisha nenda theluthi ya kitabu. Kama kina kurasa 180, fungua wa 60, soma ukurasa mzima. Mwanzo mwandishi ameupiga pasi mara kumi, kule kwenye 60 ndiko anakoonekana alivyoamka. Halafu tafuta mazungumzo, ziba majina kwa kidole, usome maneno peke yake. Kama huwezi kumjua bibi wa miaka 70 na mjukuu wake kwa namna wanavyosema, hicho si chako. Maelezo ya nyuma ya jalada usiyaguse. Mengi yanakusimulia mpaka nani anakufa.

Na tafadhali, kabla ya kulipa, pitia namba za kurasa. Najua unaona ni mambo ya kizee. Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, mafungu yanapangwa, yanapigwa gundi mgongoni. Fungu moja likirukwa, kwa nje huoni kitu. Angalia maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukikuta 96 imepakana na 113, fungu la saba limebaki kiwandani. Wakati mwingine fungu linaingia mara mbili, unafika 112 unarudishwa 97. Kama utangulizi una namba za kirumi, maungio yatasogea kidogo, lakini pengo litakuwa la kurasa 16 vilevile. Unakumbuka ile uliyosema mwandishi "karuka matanga yote"? Hebu kaitazame tena.

Nakala za wizi nazo zimejaa. Utazijua kwa matundu ya herufi a na e yaliyozibwa na wino, mistari iliyopinda kama imepigwa picha juu ya goti, pambizo lililokatwa mpaka karibu na maneno, na jalada lililopauka. Bei yake inashawishi, lakini jicho linachoka ukurasa wa tano na utasema ni mwandishi aliyekuchosha. Naye mwandishi hapati hata thumni.

Haya, nikukisie.

Ukisema unaacha kwa sababu mwisho umeujua, nitakuletea mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla ilishinda shindano la 1957/58 ikachapwa 1960, na bado inamchezea msomaji. Lakini nakuonya: ule ni upelelezi wa kukaa na kufikiri, kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Mwendo ni wa pole na mazungumzo ni marefu. Wanaotaka risasi wana Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mbio za humo ni mbio kweli. Tatizo ni wanawake wa humo, wameumbwa watazamwe. Utanipigia saa nne usiku kulalamika, na mimi hiyo simu siitaki.

Ukisema ni sauti, sitafuti mbali: Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Ukimsikia Mwajuma akiongea na Yasmin, kidole cha kuziba majina hukihitaji. Siasa ya akina Denge imo, ya kudai uhuru Zanzibar, lakini inapita ndani ya nyumba za watu, haikupandii jukwaani. Filamu yake ya Amil Shivji ya 2021 iache kwanza, usije ukasoma huku sura za waigizaji zinakukaa kichwani.

Ukisema ni haraka ya mwisho, hapo ninalo jambo, ila sijui kama nitalipata sokoni: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipotoka ilikuwa imepita miaka 35. Mke na mume hawana mtoto, ndugu wanaivuta ndoa huku na huku, na katikati ya hayo anakueleza pombe ya ndizi inavyotengenezwa, mkwe anavyopokewa, mganga anavyoendewa. Hana haraka hata chembe. Ajali ya gari haimo kwa sababu gari lenyewe halipo. Ni nene, inataka mwezi mzima wa jioni jioni. Nadhani ndiyo yako, lakini ndiyo hivyo tena, sijasikia kwako ukurasa.

Unene nao usikudanganye. Nagona ya Kezilahabi haifiki kurasa mia, mtu anaichukua akidhani ni ya safari moja ya basi, halafu anazunguka humo kama kapotea Kariakoo. Ile na Mzingile ni za kuingia umeshamzoea. Mlango wake ni Rosa Mistika ya 1971. Njia yake imenyooka na inauma.

Zile hadithi za kwenye simu anazolipia Mwanahawa kwenye kundi, sizibezi. Zinaandikwa kipande kwa siku, na kila kipande lazima kiishie pabaya ili kesho ulipe. Kwenye daladala zinanoga. Shida inaanza zinapounganishwa kuwa kitabu bila kuhaririwa: kila kurasa tano mtu anaanguka au anapigiwa simu na namba asiyoijua, na kila sura inakukumbusha ya jana. Riwaya mbili kati ya za Kessi zilikuwa na ugonjwa huo. Muulize kama sivyo.

Tuzo pia ziangalie kwa jicho moja. Ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014 hupokea hata miswada, kwa hiyo majaji wamesifu alichoandika mtu. Mchapishaji alichokifanya baadaye ni habari nyingine, na kipimo cha ukurasa wa 60 kinabaki pale pale. Na tafsiri zipime kwa sikio, soma mazungumzo kwa sauti uone kama kuna mtu anaongea hivyo. Peponi, ile ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, anza nayo ukitaka kujaribu.

Halafu lile la maneno magumu. Za Unguja na Pemba zina msamiati wake, na wewe wa bara unasimama kila mstari kufungua kamusi, ndiyo maana hadithi inakufia mkononi. Piga mstari kwa penseli, endelea, tafuta mwisho wa sura. Maneno matatu kwa ukurasa yanabebeka. Yakifika kumi, iweke kando miezi kadhaa, usiitupe. Na neno usipoliona kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, litafute kwenye Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, lile Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kabla hujasema kakosea kuandika.

Ningekwambia na habari ya harusi ya mtoto wa Bi Mwanate lakini hiyo inataka barua yake, na umeme wenyewe nauona unanyemelea kukatika.

Basi nijibu kabla ya Alhamisi mchana. Zile sita, kila moja uliiachia wapi? Ukiacha, unaiacha kwa hasira au unaisahau tu juu ya kabati? Unasoma saa ngapi, watoto wakiwa macho au wamelala? Maana riwaya ya watu 20 huwezi kuifuata huku unaamua ugomvi. Ipi ya mwisho uliyoimaliza, hata kama ni ya miaka kumi nyuma, na ulikuwa unamngojea nani humo ndani? Kitabu kilichotumika na mtu unakubali, chenye jina la mwingine na madoa ya chai? Kitereza nikimpata akala hela yote peke yake, nimchukue au unataka lazima viwe vitatu? Na sufuria la Mama Sauda, Mahamudu akirudi Jumapili, utampa?

Wako,
Tatu

Nyongeza: ile ya matanga, usiitupe kabla hujahesabu. Kama fungu halipo, nitumie namba za kurasa na mwaka wa chapa, nikakutafutie nzima.