Tafiti za dimensia zihesabiwe kwa uangalifu

Mhariri,

Ni kweli tafiti za dimensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, zinaongezeka duniani, lakini karibu kila fani ya tiba inachapisha zaidi kuliko zamani. Kinachofaa kupimwa ni sehemu ya dimensia katika jumla hiyo, si idadi tupu.

Makosa mengi huanzia kwenye utafutaji wa makala. Anayeandika "Alzheimer", aina moja tu ya dimensia, huiacha dimensia ya mishipa ya damu na ile ya miili ya Lewy (mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo). Akiunganisha matokeo ya PubMed na Scopus, hifadhidata za makala za kisayansi, bila kuondoa marudio kwa DOI (namba ya utambulisho ya kila makala), makala moja huhesabiwa mara mbili. Mwaka ambao haujaisha uondolewe, la sivyo mchoro utaonyesha anguko lisilokuwepo. Na makala yenye waandishi wa nchi 5 ikiipa kila nchi alama 1 kamili, nchi zenye ushirika mwingi huvimba bure. Afadhali kila moja ipate 0.2.

Kunukuliwa sana nako si ushahidi. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature kuhusu amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, kisha mwaka 2024 ikaondolewa kwa sababu ya picha zilizochezewa. Waliojenga juu yake bado wamo kwenye hesabu!

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 60 ya wenye dimensia wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mchoro wa machapisho kwa nchi usichapishwe bila huo wa wagonjwa kando yake.