Mjomba, Mnyaturu hajakatwa

Shikamoo Mjomba.

Najua kitochi chako hakifungui mambo haya, kwa hiyo mjukuu wako wa hapo Igogo atakusomea. Mwambie asiruke mistari.

Kila nikikuuliza habari za garimoshi, jibu lako ni lile lile: "Vyote vilikatwa vyuma chakavu, uniache." Nimekuacha miaka mingi. Leo sikuachi.

Mwezi uliopita nilipitia Sirari hadi Nairobi kufuata mzigo wa duka. Mzigo ukachelewa siku mbili, nikaona kuliko kukaa gesti nitazame dari, bora niende makumbusho ya reli karibu na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ilikuwa moja kwa nchi zote tatu, na wewe uko Mwanza unachochea moto wa garimoshi, na koleo na kopo lako la grisi. Ndani kuna hata behewa ambalo simba alimvutia nje afisa wa polisi pale Kima, mwaka 1900. Watoto wa shule walijazana hapo. Mimi nikatoka nje, kwenye nyasi, kwenye vichwa vya garimoshi vyenyewe.

Nikawa napita nasoma majina. Nikafika namba 3020. NYATURU.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka. Ukoo mzima wa mama, umeandikwa ubavuni mwa chuma kilichotengenezwa Glasgow! Hakikukatwa, Mjomba. Kimesimama, kimepakwa rangi ya damu ya mzee. Jirani yake yuko Bavuma, watu wa visiwa vya Uganda kwenye ziwa letu hili hili. Waingereza walivipa vichwa hivi majina ya makabila. Sijui kama kuna kabila lililoulizwa.

Vya aina ya Nyaturu vilikuwa 26, vya mwaka 1955 na 1956, na tangi la nyuma wamelikuza ili kiende mbali bila kusimama kunywa. Hapo nikakukumbuka ukisema njia ya Tabora ni njia ya kiu. Nilidhani unasema kiu yako.

Halafu kuna yale madude, Garratt. Tani 252 kila moja, nayo yanatembea juu ya reli yenye upana wa mita moja tu! Nilizunguka moja mara tatu kabla sijaelewa. Kumbe boila, lile pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, limening'inizwa katikati, na kila upande, mbele na nyuma, lina seti yake ya magurudumu na pistoni, kwa hiyo likiingia kwenye kona linajikunja kama jongoo. Uzito wote huo unagawanyika kwenye ekseli nyingi, reli isilemewe. Yalitengenezwa 34, Manchester, yakavuta tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda bara. Yaliyobaki pale ni mawili, na yote yana majina ya milima ya kwetu: Gelai, ule wa kule Ziwa Natron, na Shengena wa Upare. Milima yetu imehamia Nairobi na hakuna aliyetuaga.

Ila kilichonifanya nikuandikie ni kitu kidogo. Nilipanda kwenye chumba cha dereva cha Nyaturu. Mzee mmoja wa pale akanionyesha bomba la kioo, jembamba kama kalamu, la kusomea maji ya boila. Akasema maji yakishuka chini ya dari ya tanuru, bati linaungua, na boila linaweza kupasuka na wote mliomo. Mchochea moto hakiachi kioo kile kwa macho, usiku kucha, treni ikitikisika. Akaniuliza, "Nyumbani kwenu kuna aliyefanya kazi hii?" Nikasema yupo. Akauliza alikuwa anafanyaje kioo kikiingia ukungu.

Sikuwa na jibu. Miaka yote hii naliona lile kovu lako la mkononi, na nilichojua ni kwamba uliungua uji.

Nimeshaongea na Mama, amekubali. Tunaondoka wewe na mimi baada ya mavuno ya mpunga, nauli juu yangu. Tutalala Kisii njiani ili mgongo usikusumbue. Yule mzee nimemwambia unakuja, ameahidi kukufungulia mlango wa tanuru.

Lile koti jeupe la harusi liache. Masizi bado yapo.